Soma mara tatu kabla ya kufuta: kufufua ruta kupitia chipu yake ya flashi

Mvua za masika zikishika Mwanza, meza za mafundi wa Rwagasore na Makoroboi hupokea ruta zenye dalili moja. Taa ya umeme inawaka, nyingine zimeganda au zinawaka na kuzima kwa pamoja, na kompyuta ukiichomeka kwa waya haipati anwani. Mwenye ruta atakwambia alikuwa anaisasisha, umeme ukakatika katikati. Au radi ilipiga upande wa ziwani, taa za nyumba zikacheza, tangu hapo ruta haijaamka.

Ruta ya namna hiyo mara nyingi bado ni nzima. Kilichovurugika ni maandishi yaliyomo kwenye chipu ndogo ya miguu minane, yaani flashi, na maandishi huandikwa upya. Ninachosisitiza hapa ni utaratibu wa kazi, kwa sababu ruta inayoweza kupona huuawa kabisa na fundi anayefuta kabla ya kusoma. Mfano wangu ni TP-Link TL-WR841N toleo la 9: ni ruta ya kawaida, na ramani ya flashi yake inajulikana hadi baiti ya mwisho. Ukiielewa hiyo, king'amuzi, televisheni na BIOS ya laptopu hufuata njia ileile, namba tu ndizo hubadilika.

Anza na umeme wenyewe. Adapta ya ruta hii ni ya volti 9 na ampea 0.6. Ipime kwa mita ikiwa imechomekwa kwenye ruta inayowaka, usiipime ikiwa peke yake. Adapta iliyochoka huonyesha volti 9 bila mzigo, kisha huporomoka hadi 6 ruta inapoanza kuvuta, na dalili zake hufanana na za flashi mbovu: inawaka, inazima, inawaka tena. Visiwani, Ukerewe na kwingineko, ruta huendeshwa kwa sola. Betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hupanda hadi kama 14.4, kwa hiyo pawe na kifaa cha kushusha volti hadi 9 kabla ya kufika kwenye ruta. Na iliyopigwa radi kupitia waya wa mtandao, fungua kwanza uguse prosesa. Ikiunguza kidole ndani ya sekunde chache baada ya kuwashwa, usiipotezee muda, hakuna faili litakaloiokoa. Itunze kwa ajili ya vipuri. Chipu yake ya flashi huenda ikafaa kwingine.

Umeme ukiwa sawa, kuna mlango wa dharura wa kujaribu kabla hujashika pasi ya kulehemu. Butiloda, yaani ile programu fupi inayoamka kabla ya vyote, inaweza kupokea famuwea, yaani programu inayoiendesha ruta, kwa TFTP, njia rahisi ya kuhamisha faili kwenye mtandao. Ipe kompyuta anwani ya kudumu 192.168.0.66 na maski 255.255.255.0, washa seva ya TFTP, weka humo faili la famuwea ukiliita wr841nv9_tp_recovery.bin. Chomeka waya kwenye tundu mojawapo la LAN, shikilia kitufe cha reset, washa ruta, na uendelee kushikilia kwa sekunde 10 hivi. Ikikubali utaona kwenye seva faili likivutwa. Isipokubali, usikate tamaa mara moja. Zima ukuta wa usalama wa Windows, kwa sababu huziba TFTP kimyakimya. Kisha weka swichi ndogo kati ya kompyuta na ruta. Tundu la mtandao la kompyuta huchukua sekunde kadhaa kuamka kila ruta inapowashwa, na butiloda haisubiri; swichi hulifanya tundu hilo libaki macho muda wote.

Kosa jingine liko kwenye faili. Famuwea rasmi yenye neno "boot" katika jina lake imebeba butiloda ndani, na hiyo usiipeleke jinsi ilivyo. Ikate kwanza kwa amri hii ya Linux:

dd if=rasmi_boot.bin of=famuwea.bin bs=512 skip=257

Hesabu yake ni hii: kichwa cha nje ni baiti 512, butiloda ni baiti 131,072, jumla 131,584, ambayo ni 257 mara 512. Kinachobaki kiwe baiti 3,932,160 kamili. Kikipungua au kuzidi, faili si lenyewe au limekatika wakati wa kupakua, jambo la kawaida kwa anayetumia bando la simu.

Seva ikikaa kimya kabisa baada ya hayo yote, butiloda nayo imeguswa. Sasa ndipo tunakwenda kwenye chipu.

Ni vizuri kuelewa kinachofutwa ni nini. Ndani ya flashi kila biti ni chumba kidogo cha kutunzia elektroni. Chumba kitupu husomeka 1, kilichojaa husomeka 0. Kuandika ni kuingiza elektroni, yaani kugeuza 1 kuwa 0, na hilo hufanyika hata kwa biti moja moja. Kurudisha 0 kuwa 1 ndiko kugumu: lazima eneo zima limwagwe kwa mpigo, na eneo dogo kabisa kwenye chipu za jamii hii ni baiti 4,096. Ndiyo maana chipu iliyofutwa husomeka FF (biti zote ni 1, kwa namba za heksadesimali) mwanzo hadi mwisho, wala si 00. Jina la flash lenyewe limetoka hapo. Fujio Masuoka wa Toshiba aliwasilisha uvumbuzi huu mwaka 1984, na mwenzake Shoji Ariizumi ndiye aliyependekeza jina, akiona ufutaji huo wa mara moja unafanana na mwako wa kamera.

Ukiandika juu ya maandishi ya zamani bila kufuta, hupati jipya wala hubaki na la zamani. Palipokuwa na 3C ukiandika A5 utasoma 24, yaani biti zile tu zilizokuwa 1 pande zote mbili. Fundi akiona faili lake "limeharibika lenyewe" baada ya kuandika, mara nyingi ni hilo: hatua ya kufuta iliruka au ilikataliwa.

Na hapo ndipo kukatika kwa umeme kunapoumiza. Chukua chipu ya Winbond W25Q32, ya megabaiti 4. Kufuta kipande cha kilobaiti 64 huchukua kwa kawaida milisekunde 150. Famuwea ya ruta hii inakaa kwenye vipande 60, kwa hiyo kufuta peke yake ni sekunde 9 hivi. Kuandika ukurasa wa baiti 256 huchukua milisekunde 0.7 hivi, na kurasa ni 15,360, jambo linaloongeza sekunde kama 11. Jumla ni sekunde 20 ambazo ruta haina akili kamili kichwani, na umeme ukiondoka ndani ya sekunde hizo, inayoamka ni nusu ya zamani na nusu tupu. Anayesasisha ruta jioni ya mawingu mazito bila betri ya akiba anaiweka rehani.

Chipu utaitambua kwa urahisi: miguu minane, minne kila upande, maandishi ya 25Q32 au yanayokaribia hayo. Kidoti kwenye kona ndicho mguu wa 1. Mguu wa 1 ni wa kuchagua chipu, wa 2 data inayotoka, wa 3 ulinzi wa kuandika, wa 4 ni ethi. Kuanzia upande wa pili, wa 5 data inayoingia, wa 6 saa, wa 7 wa kusimamisha, wa 8 umeme wa volti 3.3. Soma namba yote hadi herufi za mwisho. Ziko ndugu zake za volti 1.8, hasa kwenye laptopu, kama zile zinazoanza na MX25U au GD25LQ. Ukizipa 3.3 unaziua, kwa hizo tumia adapta ya 1.8.

Programa, yaani kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu, waliyo nayo mafundi wengi ni CH341A ya bodi nyeusi. Inafanya kazi, ila ina kasoro ambayo kila mwenye nayo aijue: umeme inaoipa chipu ni volti 3.3, lakini njia za data hutoka na volti 5. Ipime mwenyewe kwa mita kwenye soketi, mguu wa 5 na wa 6, ikiwa imechomekwa USB. Chipu yenyewe huvumilia kwa muda, lakini ukiwa umebana klipu, yaani kibanio kinachoshika miguu yote minane chipu ikiwa bado juu ya bodi, volti 5 hizo zinaingia pia kwenye miguu ya prosesa. Tiba inayojulikana ni kuinua mguu wa 28 wa ile IC ya CH341A, kuukata na volti 5, kisha kuuunganisha pamoja na mguu wa 9 kwenye volti 3.3 za regyuleta iliyo palepale kwenye bodi. Mwenye Raspberry Pi hana shida hii, maana pini zake ni za 3.3 tangu mwanzo.

Kabla ya kubana klipu, isafishe miguu. Ruta iliyokaa Kirumba karibu na Mwaloni, au nyumba yoyote inayopigwa na upepo wa ziwa, ukiifungua hukuta vumbi lililoshikana na unyevu, wadudu wadogo wa ziwani waliofuata mwanga wa taa, na juu ya miguu ya chipu utando mweupe kama unga. Utando huo ndio unaofanya programa isome upuuzi. Mswaki wa meno, spiriti safi, sugua kwa urefu wa mguu, acha ikauke. Dakika tano hizo zinaokoa saa nzima ya kubahatisha.

Adapta ya ruta iwe imechomolewa. Bana klipu, waya mwekundu upande wa kidoti, kisha uliza kwa flashrom, programu ya kompyuta inayoongoza programa:

flashrom -p ch341a_spi

Chipu ikijibu vizuri, W25Q32 itajitambulisha kwa EF 40 16 (ongeza -V mwishoni mwa amri ili namba hizi zionekane), W25Q64 kwa EF 40 17, W25Q128 kwa EF 40 18. Ukipata FF FF FF au 00 00 00, hakuna mazungumzo: klipu haijashika, imegeuzwa, au waya umekatika. Ukipata namba zinazobadilika kila unapouliza, tatizo ni prosesa. Umeme wa klipu unapanda hadi kwenye bodi nzima, prosesa inaamka nusu, nayo inaanza kusoma chipu ileile unayoisoma wewe, huku USB ikilemewa na volti zikishuka. Hapo inua mguu wa 8 peke yake kwa ncha ya pasi na sindano, au ing'oe chipu kabisa.

Kung'oa kwa bloa, yaani kipuliza hewa moto: nyuzi 350 hivi, flaksi ya kutosha, karatasi ya aluminiamu kufunika plastiki za jirani, na kibanio kinachogusa chipu bila kuivuta. Subiri risasi ya kulehemu ing'ae pande zote mbili, chipu itasogea yenyewe ukiigusa. Anayeivuta kabla ya hapo huondoka na njia za shaba za bodi. Asiye na bloa ajaze risasi miguu yote minne ya upande mmoja iwe mstari mmoja, afanye hivyo na upande wa pili, kisha ahamishe pasi huku na huku hadi pande zote ziwe majimaji.

Sasa soma. Usisome mara moja:

flashrom -p ch341a_spi -r moja.bin
flashrom -p ch341a_spi -r mbili.bin
flashrom -p ch341a_spi -r tatu.bin
sha256sum moja.bin mbili.bin tatu.bin

Kati ya kusoma na kusoma, toa klipu uibane upya. Kila faili liwe baiti 4,194,304, na alama zote tatu zinazotolewa na sha256sum zilingane. Zisipolingana, usikimbilie kufuta. Zilinganishe:

cmp -l moja.bin mbili.bin | head -50

Namba za safu ya kwanza zinakuonyesha tofauti ziko wapi. Zikiwa zimetawanyika faili zima, ni klipu au waya mrefu mno. Waya usizidi sentimita 20. Zikiwa zimerundikana ndani ya kipande kimoja cha baiti 4,096 au 65,536, na unaposoma tena zinarudi palepale, umeupata ugonjwa: ufutaji ulikatizwa katikati, vyumba vya elektroni havikumwagika hadi mwisho, na kila ukivisoma vinajibu tofauti. Hiyo ni habari njema, kwa sababu pengine kote ni salama na nakala yako inafaa.

Kwa nini nahangaika hivi na nakala ya kitu kibovu? Kwa sababu ndani yake kuna vitu ambavyo havipo popote pengine duniani. Ramani ya kiwandani ya ruta hii ni hii: kilobaiti 128 za kwanza butiloda, 3,840 zinazofuata famuwea, kisha 64 za mipangilio ya mtumiaji, na 64 za mwisho huitwa ART. Humo kwenye ART, kuanzia 0x3F1000, mna vipimo vya redio ya ruta hiyo moja, vilivyopimwa kiwandani kipande kwa kipande. Ukivifuta, Wi-Fi haionekani kabisa, au inaonekana lakini haivuki ukuta. Na kwenye mkia wa butiloda, 0x1FC00, ipo anwani ya MAC, namba ya kuitambulisha ruta hiyo moja kwenye mtandao, ile iliyo kwenye stika chini ya ruta. Itazame:

hexdump -C -s 0x1fc00 -n 6 moja.bin

Faili zima la ruta nyingine, linalozunguka kwenye makundi ya mafundi, huwasha taa, ndiyo, na mteja huondoka amefurahi. Lakini ruta hiyo sasa ina MAC ya ruta nyingine na vipimo vya redio ya ruta nyingine. Ruta mbili zilizoandikwa kwa faili hilohilo zikikutana kwenye mtandao mmoja wa hosteli au ofisi, swichi haijui data impe nani, na intaneti inakuwa ya kuja na kuondoka. Kuitafuta hitilafu hiyo ni mateso, wala mteja hatajua ilianzia kwenye meza ya fundi.

Kwa hiyo kata vipande vyako mwenyewe kutoka kwenye nakala ya asili:

dd if=moja.bin of=buti.bin bs=64k count=2
dd if=moja.bin of=art.bin bs=64k skip=63 count=1
head -c 65536 /dev/zero | tr '\0' '\377' > tupu.bin
cat buti.bin famuwea.bin tupu.bin art.bin > mpya.bin

famuwea.bin ni lile lililokatwa mapema. Kipande tupu cha FF kinakaa mahali pa mipangilio, na ruta ikikikuta hivyo hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Mara nyingine ni kipande hicho pekee kilichovurugika, na kukifuta kunatosha. Pima ukubwa: 131,072 na 3,932,160 na 65,536 na 65,536 ni 4,194,304. Pungufu hata ya baiti moja, usiandike.

Ikiwa butiloda ya asili imekufa, ichukue kwenye lile faili rasmi lenye "boot", kisha urudishe MAC ya kwenye stika mahali pake. Chukulia stika inasema 02-11-22-33-44-55:

dd if=rasmi_boot.bin of=buti.bin bs=512 skip=1 count=256
printf '\x02\x11\x22\x33\x44\x55' | dd of=buti.bin bs=1 seek=130048 conv=notrunc

Namba 130,048 ni 0x1FC00. Neno conv=notrunc lisisahaulike, bila hilo dd hukata sehemu yote ya faili inayofuata baada ya hapo. ART ikiwa imekufa, hilo halina tiba kamili. Ya ruta ya aina ileile na toleo lilelile itaamsha redio, lakini nguvu na usafi wa mawimbi havitakuwa vya kwake. Mwambie mteja ukweli huo kabla ya kupokea hela yake.

Kuandika sasa ni jambo fupi:

flashrom -p ch341a_spi -w mpya.bin

Programu hii husoma kilichopo, hufuta panapohitajika, huandika, kisha husoma tena kuhakiki. Subiri neno VERIFIED, na kompyuta iwe na betri yenye chaji. Ikikwama kwenye kufuta, sababu ni chache. Chipu inaweza kuwa imejifunga kwa biti za ulinzi. Matoleo mapya ya flashrom yana --wp-status na --wp-disable kwa ajili hiyo. Mguu wa 3 au wa 7 unaweza kuwa unaelea au umeshuka chini. Yote miwili inatakiwa iwe juu, 3.3. Volti zinaweza kuwa zinashuka wakati wa kufuta, kwani kufuta hula umeme kuliko kusoma, kwa hiyo chipu inayosomeka vizuri lakini haifutiki ipime mguu wa 8 wakati kazi inaendelea. Chini ya 2.7 haifanyi kazi. Na ikiwa kipande kilekile kinakataa kila mara huku volti zikiwa sawa, chipu imechakaa. Kiwandani huhesabiwa mizunguko 100,000 kwa kila kipande. Chukua nyingine yenye ukubwa uleule, ikiwezekana ya namba ileile, kwani butiloda za zamani hazizitambui chipu zote.

Ukishairudisha kwenye bodi, safisha flaksi, kisha pima kati ya mguu wa 8 na wa 4 kabla ya kuwasha. Mita ikilia, una shoti ya risasi, itafute kwa lenzi. Ukiwa na kiunganishi cha siriali cha volti 3.3, unganisha RX, TX na ethi tu, waya wa umeme uuache, kasi 115200. Ikiandika U-Boot 1.1.4 na kuendelea, butiloda iko hai. Ikinyamaza, angalia upya mguu wa 1 upo upande gani. Ikifika mwisho lakini Wi-Fi haipo, rudi kwenye art.bin uhakikishe imekaa kwenye 0x3F0000.

art.bin na buti.bin zihifadhi kwa jina la herufi sita za mwisho za MAC, ruta hiyo ikirudi msimu ujao utaanzia hapo. Lakini moja.bin usilitume kwenye kundi lolote. Ndani ya kile kipande cha mipangilio mna nywila ya Wi-Fi ya mteja, na kama analipia intaneti kwa akaunti, mna nywila ya akaunti hiyo pia. Akishachukua ruta yake na kuthibitisha inafanya kazi, lifute.